Kutu inayozuia kutu: kijue chuma cha Corten kabla hujauziwa mbuzi kwenye gunia

Leo siasa tunaiweka pembeni kidogo, tuongelee kutu. Ndiyo, kutu hii hii inayokula mabati na kuchafua shati lako jeupe ukiegemea geti.

Chanzo cha makala hii ni mjomba wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi huko Kigamboni. Miaka michache iliyopita alinunua kontena la futi 20, used, akalikata mlango wa pembeni, akapanga mle saruji, misumari na nondo. Alipotaka kulipiga rangi, dalali aliyemuuzia akamcheka: "Rangi ya nini mzee? Hiki ni chuma cha Corten. Kutu yake ndiyo rangi yake, kinajilinda chenyewe!" Mjomba akaona kaokoa hela.

Masika ya mwaka jana akakuta mifuko ya upande wa nyuma imeganda kama mawe. Akaita fundi. Fundi akagonga boriti ya chini kwa nyundo, nyundo ikazama ndani. Mjomba akanigeukia: "Mjomba, we si umesoma sayansi? Hebu nieleze, yule bwana kanidanganya au hakunidanganya?"

Mimi elimu yangu ni fomu foo tu, ila nikakaa kafe siku kadhaa nikisoma. Jibu nililolipata ni kwamba dalali hakudanganya kuhusu chuma chenyewe. Chuma cha namna hiyo kipo kweli. Ila alisema nusu ya habari, na ile nusu aliyoiacha ndiyo iliyomla mjomba. Twende taratibu.

KUTU NI NINI HASA?

Wale mliosoma kemia mnakumbuka jaribio la misumari mitatu. Msumari wa kwanza unakaa kwenye hewa kavu. Wa pili unawekwa kwenye maji yaliyochemshwa, kisha yanafunikwa na mafuta ili hewa isiingie. Wa tatu unakaa kwenye maji ya kawaida, hewa ikiingia. Baada ya siku kadhaa ni ule wa tatu tu uliopata kutu. Maana yake, kutu inahitaji vitu viwili kwa pamoja: maji na oksijeni. Ukikosekana mmoja, hamna kutu.

Sasa kwa nini kutu ya kawaida ni balaa? Kwa sababu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba, inapasuka, inabanduka. Ikibanduka, chuma kipya kinabaki uchi, nacho kinaanza kuliwa. Halafu kutu yenyewe ina vitundu, inanyonya maji kama sponji na kuyatunza. Ni kama kidonda ambacho kila kikitaka kufunga mtu anakikwangua. Ndiyo maana bati la kawaida lisilo na rangi wala zinki haliachi kuliwa mpaka liishe.

Aluminiamu yenyewe haina shida hiyo. Ikikutana na hewa inajitengenezea utando mwembamba sana unaoshikamana nayo vizuri, basi, kazi imeisha. Watu wa viwanda wakajiuliza: hatuwezi kukifanya chuma nacho kijitengenezee utando wa kukilinda?

KILIVYOPATIKANA

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imeshaonekana kwamba chuma chenye shaba kidogo ndani yake kinachelewa kuliwa na kutu kikikaa nje. Kampuni ya United States Steel ya Marekani ikaendelea na majaribio, na mwaka 1933 ikaingiza sokoni chuma ilichokiita COR-TEN. Jina limeunganishwa kutokana na sifa mbili: kuhimili kutu na kuhimili kuvutwa. Yaani kina nguvu kuliko chuma cha kawaida, halafu kinakawia kulika.

Mtu anaweza kudhani kilitengenezwa kwa ajili ya majengo ya kifahari. Hapana. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mabehewa ya treni ya kubebea makaa ya mawe na mizigo mingine mizito. Fikiria behewa la makaa. Rangi haidumu mle, kila siku linakwaruzwa na mawe. Makaa yakilowa yanatoa maji yenye sulfuri yanayochoma chuma. Kwa hiyo ilitakiwa chuma ambacho rangi ikitoka hakifi haraka. Shika hapo hapo, tutaporudi kwenye kontena utaona kwa nini ni muhimu.

NDANI YAKE KUNA NINI?

Sehemu kubwa sana ni chuma kile kile. Tofauti ni viungo, kama unavyoweka iliki kwenye chai. Kuna shaba, kwa kawaida kati ya asilimia 0.25 na 0.55. Kuna kromi, ambayo kwa aina nyingi haifiki hata asilimia 1.5. Kuna nikeli kidogo na silikoni, na baadhi ya aina zinaongezewa fosforasi.

Hapa watu wengi wanachanganya na ile "stenlesi" ya masufuria na sinki. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Stenlesi ina kromi isiyopungua asilimia 10.5, haibadiliki rangi, na bei yake si mchezo. Corten inapata kutu kabisa, tena kwa makusudi, ila kutu yake ina tabia tofauti.

GAMBA LINAVYOJIJENGA

Hapa ndipo penye utamu. Tuseme umeweka bamba jipya la Corten nje, mahali penye mvua na jua.

Wiki za kwanza: huoni tofauti yoyote na chuma cha kawaida. Bamba linapata kutu ya njano na rangi ya chungwa. Ukipitisha kidole kinachafuka. Mvua ikinyesha, maji yanayochuruzika yana rangi ya kutu na yanaacha michirizi kwenye ukuta au sakafu ya chini yake. Wataalamu wanasema kutu ya hatua hii kwa sehemu kubwa ni madini yanayoitwa lepidokrosaiti. Bado ni laini, haijashika.

Miezi inayofuata: rangi inaanza kukolea kuelekea kahawia. Kila mvua inapolowesha na jua linapokausha, kutu inayeyuka kidogo na kujipanga upya. Punje zinazidi kuwa ndogo na kubanana.

Mwaka wa pili mpaka wa tano hivi: rangi inakuwa kahawia iliyoiva, mahali pengine inaelekea zambarau. Ukipangusa kwa mkono, vumbi linalotoka ni dogo. Ndani, jirani kabisa na chuma, kumejengeka tabaka la madini mengine yanayoitwa gothaiti, yenye punje ndogo sana zilizosongamana. Viungo vile, hasa kromi na shaba, vimekusanyika humo humo. Watafiti wa Kijapani walichunguza chuma cha aina hii kilichokaa nje kwa robo karne, wakachapisha matokeo yao mwaka 1994: lile tabaka la ndani lilikuwa gothaiti ambayo baadhi ya nafasi za chuma zimekaliwa na kromi. Ndilo linaloziba njia ya maji na oksijeni.

Kwa hiyo gamba lina sehemu mbili. La nje limelegea kidogo, ndilo unaloliona. La ndani limebana, na hilo ndilo mlinzi. Ukilikwaruza, chuma kilicho chini kinaanza kujenga jingine, mradi hali ya hewa inaruhusu.

Sikiliza hapa vizuri: kulika HAKUSIMAMI. Kunapungua kasi tu. Uingereza, mhandisi akisanifu daraja la Corten la kudumu miaka 120, anaongeza unene wa ziada wa kama milimita 1 mpaka 1.5 kila upande wa chuma, kutegemea ukali wa mazingira, ili huo ndio uliwe. Hiyo namba usiisahau.

MASHARTI YAKE

Gamba hili lina masharti kama ya mganga. Ukivunja hata moja, dawa haifanyi kazi.

1. Lazima kilowe na KIKAUKE. Kukauka ni muhimu kama kulowa. Pale kinapokauka ndipo punje zinapobanana. Chuma kilichofukiwa ardhini, kilichofunikwa na majani au mchanga, au kilicho kwenye kona ambayo maji yanatuama, hakijengi gamba la maana. Kinaoza kama chuma chochote.

2. Kisipate chumvi. Chumvi ni adui namba moja. Kwanza inavuta unyevu kutoka hewani, chuma kinabaki kimelowa hata kama mvua haijanyesha. Pili, kloridi iliyo ndani yake inapenya kwenye gamba na kuzalisha kutu ya aina nyingine, akaganeiti, ambayo haina ulinzi. Gamba linavimba na kubanduka tabaka tabaka. Mwongozo wa Uingereza unawatahadharisha wahandisi wasikitumie bila rangi ndani ya kilomita 2 hivi kutoka baharini, mpaka wapime kwanza kiasi cha chumvi hewani.

3. Hewa ipite. Mahali palipobanana bila upepo, unyevu hautoki.

4. Viungio viwe vya jamii moja. Vijiti vya kuchomelea na bolti viwe vya kuendana na chuma chenyewe, la sivyo pale kwenye kiungio ndipo panapoanza kuliwa.

WALIOPATIA

Makao makuu ya kampuni ya matrekta ya John Deere, mjini Moline, Illinois, yalifunguliwa mwaka 1964. Msanifu alikuwa Eero Saarinen, aliyefariki mwaka 1961 kabla jengo halijaisha. Ni jengo kubwa la kwanza kuonyesha Corten wazi wazi bila rangi. Wazo lilikuwa kwamba kampuni inayotengeneza mashine za shambani ikae kwenye nyumba ya chuma chenye rangi ya udongo uliolimwa.

Mwaka 1967 Chicago ikazindua sanamu kubwa iliyobuniwa na Picasso, urefu wake mita 15 hivi, nayo ni Corten. Mwaka 1977 likakamilika daraja la New River Gorge huko West Virginia, upinde wake una mita 518 na barabara iko mita 267 juu ya mto. Hebu piga hesabu ya kupandisha mafundi wa rangi kule juu kila baada ya miaka kadhaa! Hapo ndipo unaona faida ya chuma hiki. Uingereza nako kuna Angel of the North, sanamu ya Antony Gormley ya mwaka 1998 karibu na Gateshead: urefu mita 20, mabawa mita 54 kutoka ncha hadi ncha.

WALIOUMIA

Ukumbi wa michezo wa Omni mjini Atlanta ulifunguliwa mwaka 1972 ukiwa na Corten. Atlanta ina unyevu mwingi, na kuta zile hazikupata nafasi nzuri ya kukauka. Kutu ikaendelea tu kula mpaka matundu yakatokea, ikabidi ziwekwe senyenge ili watu wasipenye kuingia bure. Mwaka 1997 ukabomolewa. Miaka 25 tu!

Aloha Stadium ya Honolulu ilifunguliwa mwaka 1975, kisiwani, upepo wa bahari ukipuliza. Walitarajia gamba litajijenga. Badala yake ikawa kazi ya kupambana na kutu na kupaka rangi miaka nenda rudi, hela nyingi zikateketea. Desemba 2020 uwanja ukatangaza kusitisha matukio mapya yenye watazamaji.

Hata Pittsburgh, mji wa wenyewe, jengo refu la U.S. Steel lenye ghorofa 64 lilipokuwa jipya mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilichafua njia za waenda kwa miguu kwa maji ya kutu. Chuma kilikuwa kinajenga gamba lake vizuri tu, ila sakafu ya jirani ndiyo ilioga.

Ona sasa. Wahandisi wa Honolulu walikuwa na vyeti na fedha, bado bahari iliwashinda. Mjomba wangu na kontena lake Kigamboni angeponaje?

SASA TURUDI KWENYE KONTENA

Dalali alisema kweli: makontena ya meli yanayoshushwa Dar, Tanga na Mombasa kwa kawaida yametengenezwa kwa chuma cha jamii ya Corten. Sasa jiulize, mbona yakitoka kiwandani yamepigwa rangi, ndani na nje? Kama kutu ingetosha, wenye meli wangepoteza rangi ya nini?

Jibu ni lile behewa la makaa. Kontena linagongwa na winchi, linakwaruzana na wenzake, rangi inatoka hapa na pale. Chuma cha Corten kinasaidia ule mkwaruzo usigeuke tundu haraka. Rangi ndiyo mlinzi wa kwanza baharini, chuma ni askari wa akiba. Dalali alimwambia mjomba amfukuze mlinzi, abaki na yule wa akiba.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonifungua macho. Kumbuka ile milimita 1 mpaka 1.5 ya daraja. Boriti ya daraja ina unene wa milimita nyingi, ikipoteza moja haisikii. Ukuta wa kontena kwa kawaida una unene wa milimita 1.6 tu, na paa milimita 2. Toa milimita moja nje, halafu toa nyingine kidogo ndani, kimebaki nini? Tundu. Kwa hiyo hata gamba likijengeka vizuri kabisa, kontena halina nyama ya kupoteza kama daraja.

Ya mjomba yalikuwa matatu kwa mpigo. Liko jirani na bahari. Lilikaa moja kwa moja juu ya mchanga, boriti za chini zikafukiwa nusu, hazikauki. Na pale walipokata mlango, fundi alichomelea fremu ya chuma cha kawaida bila kupaka chochote kwenye kiungio. Sharti la kwanza, la pili na la nne, yote yamevunjwa.

KABLA HUJATOA HELA YAKO

Vijana wengi siku hizi tunaanza maisha na kontena: duka, saluni, M-Pesa, chipsi. Kwa hiyo kagua haya.

- Beba nyundo ndogo. Gonga boriti za chini, kona zote nne na chini ya mlango. Mlio wa kengele ni mzuri. Mlio wa kufa, au nyundo ikiacha shimo, ondoka.

- Angalia kutu yenyewe. Ikiwa vumbi laini lililoshikamana, bado ni nafuu. Ikitoka vipande vya ukubwa wa ukucha, ni hatari. Ikibanduka kama karatasi, tabaka juu ya tabaka, chuma kinakufa.

- Ingia ndani mchana, fungwa mlango, tazama juu. Ukiona nyota mchana, ni matundu.

- Liinue juu ya matofali au nguzo za zege kila kona, upepo upite chini. Usilifukie.

- Paa lisituamishe maji. Kama limebonyea katikati, linyooshe au jengea paa la bati juu yake. Paa hilo litakupunguzia na joto.

- Kwangua kutu iliyolegea kwa brashi ya waya au grenda, osha chumvi kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, acha likauke kabisa, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Ukipaka juu ya chumvi umefanya kazi bure, rangi itavimba. Na vumbi la rangi kuukuu lina sumu, funika pua na mdomo.

- Ukikata mlango au dirisha, paka rangi kingo zote siku hiyo hiyo.

Wadau wa bara, sehemu zilizo mbali na bahari, zenye masika na kiangazi kirefu, nyie mna nafuu. Chumvi ni kidogo na chuma kinapata muda wa kukauka. Lakini ile hesabu ya milimita 1.6 iko pale pale, kwa hiyo rangi pakeni.

Mjomba kakata boriti mbili mbovu, kaweka mpya, kaliinua kontena juu ya matofali na kulipiga rangi. Gharama ilizidi mara kadhaa ile rangi aliyoiacha mwanzoni, achilia mbali saruji iliyoganda. Dalali namba yake haipatikani. Nilipomsomea mjomba habari za uwanja wa Honolulu alicheka mpaka machozi: "Kumbe hata Wamarekani wameuziwa!"

Mwenye uzoefu na makontena, hasa mafundi wa kuchomelea mlioko Tanga na Mombasa, tupieni maoni yenu hapo chini tujifunze. Na kama kuna aliyekaa na kontena lisilo na rangi karibu na bahari likadumu, aseme limekaa miaka mingapi na liko umbali gani kutoka majini.

Tuko pamoja.